Msako wa Mwalimu Elia

Shanta la Elia lilipatikana mapema, limeegemezwa kwenye mwamba, na chupa ya maji ndani yake tupu. Mwenyewe hakuwepo.

Elia alikuwa mwalimu mjini Mtwara, mtu wa Iringa aliyependa kutembea porini kama wenzake wanavyopenda mpira. Likizo ile ya mwaka 1997 aliamua kushuka mlima wa Newala na kuufuata Ruvuma hadi unapoingia baharini. Mkewe, Gladness, alimtania: mtu mzima kubeba nyumba mgongoni kama konokono.

Sasa Gladness alikuwa kijijini Kilambo, karibu na mto huo, amekaa kwenye mkeka nyumbani kwa mjumbe, akingoja gari la kumrudisha mjini. Asubuhi hiyo msako ulikuwa umesitishwa, baada ya wiki nzima. Alikuwa amelia mpaka machozi yakakauka, na bado hakuamini.

Shafii, mkulima wa korosho aliyewaongoza wanakijiji porini, alikuja kumpa pole. Alijua pole haitoshi, ila kumwacha aondoke kimyakimya kungekuwa ukatili. Akamweleza kwamba hawakutegea kazi. Waliingia hadi kwenye mikoko, wakazama matopeni wakimwita mwalimu. Sehemu moja tu ndiyo hawakuivuka, kwa sababu ilikuwa mzimuni: kitambaa cheupe kimefungwa mtini, na kila mtu wa huku anajua maana yake. Hapo watu huomba, hawapiti. Basi walivua viatu, wakamwaga unga chini ya mti, wakaomba Elia aonekane, kisha wakarudi.

Gladness aliuliza kama mzimu huo ni wa siku nyingi.

Shafii alikiri kwamba hata yeye hakuwa akiujua. Pengine ni wa watu wa ng'ambo.

"Tena kile kitambaa hakikuwa cha kununua dukani, mama. Lilikuwa shati," alisema kwa heshima. "Aliyeomba pale alikuwa na shida kubwa, mpaka akavua la mwilini."

Gladness alimshika mkono. "Mlifika hapo lini, baba?"

"Siku ya kwanza. Ndiyo maana mimi sikukata tamaa upesi. Tulipomaliza kuomba, mzimu ulituitikia. Uliguna kule kichakani, tukausikia sote. Tukashukuru, tukaondoka bila kutazama nyuma."