Uzi wa Timazi

Ukuta wa nyumba yake ulipobenuka, Bi Saumu aliuliza fundi katika nyumba tatu ambazo kuta zake za mawe hazikuwa na ufa hata mmoja, na kote alitajiwa jina lile lile: Fundi Chande. Nyumba ya nne hakuuliza tena. Alijitanda kanga yake vizuri, akaenda kumwita.

Chande alikuja kesho yake asubuhi.

"Shikamoo, mama," alimwamkia, kana kwamba si yeye ambaye barua yake ya posa Bi Saumu aliirudisha bila kuifungua, pamoja na ujumbe kwamba binti wa nyumba hii haolewi na mtu anayenuka chokaa.

"Marahaba, mwanangu." Akatangulia kumwonyesha ukuta.

Chande aliupapasa ukuta uliobenuka, akagonga jiwe moja kwa kifundo cha kidole, akasikiliza. Hakuuliza nani aliyeujenga. Akatoa timazi mfukoni, uzi wenye kichuma kizito mwishoni.

"Nishikie hapa juu, mama. Kikitulia, tutajua ukuta umeinama kiasi gani."

Bi Saumu aliushika uzi. Alingoja aulizwe habari za binti yake. Hakuulizwa. Aliona heri angetukanwa.

"Usitikise, mama," Chande alisema kwa upole.

"Sitikisi."

Hapakuwa na upepo, lakini kile kichuma kiliendelea kucheza huku na huku mbele ya ukuta, na Chande, mikono yake myeupe kwa chokaa, akaendelea kungoja kitulie.