Mikono ya Mama Kham

Asubuhi ya mwaka mpya, mji mzima ulipokwisha kuiosha sanamu ya Buddha hekaluni, Sengdao alijipanga uani pamoja na wake wa mashemeji zake. Kila mmoja alishika bakuli la maji yenye maua ya asumini. Ndiyo desturi ya sikukuu hiyo: vijana huwamiminia wazee maji mikononi, huwaomba radhi kwa makosa ya mwaka mzima, kisha hubarikiwa.

Mama Kham, mama mkwe wao, alikaa mkekani akiwa amekunjua viganja.

Zamu ya Sengdao ilipofika, alipiga magoti, lakini hakumimina.

"Mimina, mwanangu," Mama Kham alimwambia.

"Nilipokuwa nalia kwa uchungu, ulifunga mlango ili mkunga asiitwe. Ulisema nadeka. Mtoto wangu akafia tumboni. Mwaka huu, mama, wewe ndiye utakayeniomba radhi."

"Watu wanatazama."

"Ndiyo maana nimeingoja siku ya leo."

Mama Kham alimgeukia mwanawe, mume wa Sengdao. Mwanawe aliinamisha kichwa. Yule mama akamnyooshea Sengdao viganja tena.

Sengdao aliliinamisha bakuli taratibu, maji yote yakamwagika mchangani, kando kabisa ya mikono ile. Moyo wake ulikuwa umetulia. Akainuka kumpisha mwenzake aliyefuata.

Mwenzake hakusogea. Alisimama amelikumbatia bakuli lake, na viganja vya Mama Kham vikabaki wazi juani, vikavu.