Karani wa Kwenye Kanda

Fikirini aliweka kanda kuukuu ya video mezani kwa Tunu. Ilikuwa ile sinema ya ngono yenye vichekesho vya ofisini waliyoigiza ujanani, yeye bosi, Tunu karani wake.

“Vijana wa mtaani wanataka kuionyesha tena. Njoo tukae mbele, tucheke.”

“Wewe ubosi uliuvua na koti,” Tunu alisema. “Mimi hadi leo sokoni naitwa Karani. Binti yangu kaachwa na mchumba kwa sababu ya jina hilo.”

“Ulikuwa utani tu, mwenzangu.”

Tunu akaukamata utepe, akauvuta kutoka ndani ya kanda kwa hasira. Fikirini akaudaka upande wa pili. Hakuna aliyeachia. Utepe ulinyooka kati yao, ukazidi kuwa mwembamba.