Mlima wa Kuazima

Gordien alikuwa amefika kizazi cha nne cha uongo wake, na bado hakuna aliyemkatiza.

Hilo ndilo lililomtia wasiwasi. Sebuleni kwa mzee Rénovat, mjini Baraka, wazee sita walimsikiliza bila hata kugusa soda zao. Nyuma ya pazia alikuwepo Arlette, binti wa marehemu kaka yake Rénovat, na Gordien alimpenda msichana huyo kuliko alivyoweza kueleza. Lakini kwa familia ile, mchumba sharti ataje mababu zake mpaka kizazi cha tano. Akishindwa, hana ukoo. Akimtaja babu ambaye na wao wanaye, ni ndugu, na ndugu hawaoani. Vyovyote iwavyo, anarudi kwao mikono mitupu.

Kwa kawaida husema mzee wa ukoo. Gordien hakuwa na mzee. Alifika kambi ya wakimbizi ya Lusenda kutoka Burundi akiwa yatima wa miaka minane, ameshikwa mkono na jirani yao Renilde. Leo Renilde ameketi kando yake, anaomba Mungu kimoyomoyo. Kati yao wawili hakuna aliyejua hata jina la babu mmoja wa Gordien.

Basi akaazima. Katika maktaba ndogo ya parokia kulikuwa na riwaya nene ya Kifaransa, iliyoachwa miaka mingi nyuma na muuguzi kutoka Ireland. Ilisimulia mlima mmoja wa huko kwao na ukoo ulioishi hapo, vizazi vitano vya kupendana na kuharibiana maisha. Mtu fulani alikuwa amepiga mstari wa penseli chini ya kila jina la babu, kazi ikawa rahisi. Gordien aliyageuza majina yakawa ya Kirundi, akauhamishia mlima mzima Burundi, akakariri kwa wiki mbili.

Sasa wazee walikuwa wakitikisa vichwa kwa raha. Rénovat peke yake ndiye aliyemkodolea macho. Huyu mwalimu mstaafu alivuka ziwa kutoka Burundi mwaka 1972 akiwa mgongoni mwa mama yake, na kuanzia Swima mpaka Lusenda aliheshimiwa kwa kuujua ukoo wake wote. Kumdanganya mtu wa namna hiyo ni wazimu, na Gordien alijua.

"Ule muzee wa mulima," Rénovat aliuliza ghafla, "aligawanya mulima namna gani ku batoto yake?"

Jasho likamtoka Gordien. "Kila mutoto alifuata ng'ombe yake, muzee. Penye ng'ombe inalala, shamba yake inaishia pale."

"Batoto balikuwa ngapi?"

"Batatu."

"Na ule wa tatu, alifika wapi?"

Kisa cha mtoto wa tatu hakikuweza kutokea Burundi hata kidogo, ndiyo maana Gordien alikiruka.

"Alipotea, muzee. Hatuna habari yake."

Rénovat akasimama. Renilde akavuta mkoba wake, tayari kwa aibu ya kufukuzwa mbele za watu. Mzee akavuka sebule kwa hatua tatu, akamwinua kijana kwa mabega, akamkumbatia kwa nguvu. Alikuwa analia.

"Hakupotea," alisema. "Ng'ombe yake ilikataa kulala. Aliifuata siku tatu, theluji ikamufunika kule juu. Ni yeye alizaa babu ya babu yangu. Ee Mungu, na mi nilifikiri nilibakia peke yangu!"

Gordien akaikumbuka theluji ile ya kitabuni, na ile mistari ya penseli. Mzee akageukia pazia, uso umelowa, anacheka.

"Arlette! Kuja usalimie kaka yako."