Kicheko cha Nuriya

Siku hizi mwenye biashara ndogo ya vipodozi hauzi bila kukodi kicheko. Mshawishi wa mtandaoni anakupa chake, unakichanganya kwenye bidhaa, na kila anayejipaka anacheka kama yeye. Hakitoki tena, na wateja ndicho wanachokitaka.

Zamda wa Tanga alichanganya kicheko cha mshawishi Nuriya kwenye singo yake ya kusugua mwili, akajipaka yeye wa kwanza. Mtaa mzima ukahamia mlangoni kwake.

Ijumaa sebule yake ilijaa mashoga zake, chai na umbea.

"Jamani, mmesikia? Mume wa Rukia naye kajisugua singo kwa siri!"

Wote wakaangua kicheko kile kile kimoja, chembamba, chenye mkwaruzo mwishoni.

Mama yake Zamda, asiyeona, ambaye hata kwenye vurugu za harusi alimjua bintiye kwa kicheko chake tu, aliweka kikombe chini.

"Wewe mgeni, umecheka peke yako tangu asubuhi. Hebu niitie Zamda."

"Mama, ni mimi hapa."

Mama akatega sikio.

"Sauti umemuiga vizuri, mwanangu. Haya, cheka."

Zamda akauma midomo, kicheko cha Nuriya kisimtoke.