Mwendo wa Baba

"Kilomita tisini kwa saa tatu. Haya, piga hesabu," mama alisema.

Ginevra alishika penseli. Swali hilo halikuwa kwenye kitabu chake cha fizikia. Gari lenyewe lilikuwa limeegeshwa nje, na dereva wake alikuwa hapo hapo mezani, akimenya chungwa.

"Mwache mtoto, Ornella," baba alisema.

"Mtoto ana mtihani kesho, na mwalimu wake ni mimi. Gari limetoka Norcia kwa bibi yake Ginevra saa tisa, limefika hapa Perugia saa kumi na mbili. Mwendo wa wastani?"

"Thelathini kwa saa," Ginevra alinong'ona.

"Thelathini! Hata padri wetu na kile kibaiskeli chake angekupita, Fosco."

Hakuna aliyecheka. Kwa wiki kadhaa sasa baba alikuwa akichelewa kurudi, wala hasemi alikokuwa.

"Mimi nimeshinda kikaoni shuleni," mama aliendelea, "tangu asubuhi sijatia kitu kinywani, halafu mwenzangu ananiletea hadithi za foleni." Akaisukuma pembeni sahani yake ya tambi, imejaa vilevile.

Ginevra alimfikiria rafiki yake Fiammetta, ambaye tangu wazazi wake waachane hubeba begi kila Ijumaa, mgeni huku na mgeni kule. Alimwomba Mungu baba awe na jibu, jibu lolote lile.

"Nilisimama njiani," baba alisema.

"Mara ngapi?"

"Mara mbili. Si wewe unayefundisha kwamba wastani unahesabu na muda wa kusimama?"

"Unahesabu, ndiyo. Ila hausemi gari lilisimama wapi, wala mlangoni kwa nani. Hilo utalisema wewe, tena mbele ya binti yako."

"Mama, basi," Ginevra alisema.

"Acha aseme!"

Baba aliweka kisu chini taratibu. Macho yake yalikuwa mekundu. Alimtazama Ginevra kwanza, kama anayemwomba radhi, kisha akamgeukia mkewe.

"Gari la mbele yangu halikuwa na haraka," alisema. "Nilisimama kila mliposimama, Ornella, wewe na dereva wako."