Nyuzi Nne Zilizochemshwa

Hashimu alishuka kwenye pikipiki pale Makere, akamlipa dereva, kisha akabaki amesimama kando ya barabara kama mtu aliyesahau alichofuata. Ndani ya koti alikuwa na pakiti ya nyuzi za gitaa la besi, mpya kabisa, za bei ya juu kuliko zote alizowahi kuweka dukani kwake Kasulu. Hakuja kuziuza.

Mwaka jana, wiki moja kabla ya tamasha la kwaya la Kibondo, Claudine alikuja dukani. Alikuwa mpiga besi wa kwaya ya kanisa lao hapa Makere, na Hashimu hakuwahi kumwona mwanamke mwingine akipiga chombo hicho. Hakuchagua haraka. Alifungua pakiti ya bei nafuu, akapitisha kidole gumba juu ya uzi mnene, akatikisa kichwa.

"Hizi zinakwaruza, na mlio wake kama bati."

Akashika za chuma. Zililia vizuri, lakini zilikuwa ngumu, na mazoezi yao yalichukua saa nzima bila kupumzika. Alizozitaka ni za nikeli, laini kwenye vidole, zenye sauti nzito inayojaza kanisa bila kupiga kelele. Pesa aliyopewa na kwaya haikuzifikia.

"Mzee Hashimu, huna za nikeli za bei ya kati?"

Za bei ya kati hazikuwepo. Kilichokuwepo ni seti ya nikeli aliyoivua kwenye besi kuukuu iliyoletwa kutengenezwa. Hashimu akamwambia apitie kesho yake.

Alizichemsha kwenye sufuria mpaka uchafu ukatoka, akazifuta kwa spiriti, akazinyoosha, akazikunja ndani ya pakiti mpya. Nyuzi zikichemshwa mlio wake hurudi, japo kwa siku chache. Lakini pale uzi ulipopinda zamani, ulipozungushwa kichwani mwa gitaa, hapaponi. Hilo Hashimu alilijua. Claudine alizigusa, akatabasamu, akamshukuru mara mbili.

Kibondo, katikati ya wimbo wa pili, uzi mnene ulikatika.

Hashimu alizipata habari dukani. Kwaya ilipoteana, watu wakacheka, wakashuka jukwaani bila kumaliza. Baada ya miezi miwili mteja mwingine akamwambia mpiga besi wa Makere kahama kwa aibu, hata aliko hakujulikani. Tangu hapo kila mtu alipogusa uzi na kuuliza kama ni mpya, Hashimu aliangalia pembeni. Aliitupa ile sufuria. Alisali, akaomba, lakini alijua kwamba aliyedhulumiwa ni mtu, na msamaha huo alipaswa kuufuata kwa mtu mwenyewe.

Leo alikuja kuwauliza ndugu wa Claudine alikokwenda. Akapiga hodi nyumbani kwao. Aliyetoka, ungo wa maharage mkononi, ni Claudine.

"Mzee Hashimu! Mwakeye," akamsalimu kwa Kiha. "Habari za Kasulu?"

"Nzuri, mwanangu." Alisita. "Niliambiwa umehama."

"Mimi? Nihamie wapi? Siku hizi mimi ndiye mwalimu wa kwaya." Akamsogezea kigoda, naye akakaa kwenye mkeka na kuendelea kuchambua maharage.

Hashimu aliona Claudine anajikaza tu mbele ya mgeni. Hakutaka hata kungoja chai. Akainamisha kichwa, akaeleza yote bila kupunguza: besi kuukuu, sufuria, spiriti, pakiti mpya. Alipomaliza aliitoa ile pakiti ya nyuzi ndani ya koti, akaiweka juu ya mkeka.

"Hizi ni zako. Nilikuaibisha mbele za watu. Naomba unisamehe."

Claudine hakuigusa. Mikono yake ilikuwa imesimama juu ya ungo.

"Rudia hapo," akasema. "Ule uzi ulikuwa umeshatumika?"

"Miaka mingi. Ungekatika tu, hata angepiga nani."

"Wenyewe? Bila mtu kuugusa?"

"Wenyewe."

Aliweka ungo chini. Kuku wakausogelea, wala hakuwafukuza.

"Aliyehama ni Niyonkuru," akasema. "Yeye ndiye mpiga besi aliyenitangulia, na ndiye aliyenifundisha. Kwaya iliponipa nafasi yake hakufurahi. Siku ile ya Kibondo sisi tulikwenda kula, yeye akabaki analinda vyombo vya muziki. Uzi ulipokatika, wote tukasema ameutia kisu kwa wivu."

"Mkamfukuza kwenye kwaya."

"Kanisa lilimtenga. Watu wakaacha kununua mihogo kwa mkewe. Alikana mpaka siku aliyopakia watoto kwenye gari la Manyovu."

Hashimu alitafuta mahali ambapo kosa lake lingeishia, lisivuke hapo.

"Lakini kubaki na vyombo si ushahidi," akasema. "Wazee wa kanisa walimtengaje kwa hilo peke yake?"

"Wazee nao walisema hivyohivyo. Walitaka mtu aliyeona."

Claudine alikuwa anaangalia vidole vyake.

"Nikashika Biblia," akasema, "nikawaambia nilimwona."